Mwili mdogo si umri mdogo: nimechoka kuitwa "binti" nikiwa na miaka 39

Wanajamvi, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Nina miaka 39, kimo changu ni sentimita 149, na mwanangu wa miaka 11 amebakiza vidole vinne tu anipite. Juma lililopita nilimpeleka hospitali akiwa na homa. Muuguzi, ambaye nina hakika nimemzidi miaka isiyopungua kumi, aliandika jina la mtoto, akainua kalamu, akatazama mlangoni juu ya kichwa changu na kuuliza, "Mama yake yuko wapi?" Nilipomwambia kuwa ni mimi, alicheka, kisha akasema, "Haya, mdogo wangu, mama akifika mtaingia." Ilibidi nitoe kitambulisho, naye akausoma mwaka wa kuzaliwa mara mbili huku akiukagua uso wangu, kana kwamba nimekiazima.

Chanzo cha kosa hili nakielewa. Mtoto hurefuka kadiri anavyokua, hivyo jicho limezoea kukisoma kimo kana kwamba ni kalenda. Lakini wasichana wengi huacha kurefuka miaka michache tu baada ya kuvunja ungo, homoni ya estrojeni inapozifunga zile sehemu za mifupa zinazokua. Mimi niliacha nikiwa na miaka 14. Kwa miaka 25 kimo changu hakijasema lolote kuhusu umri wangu, na bado watu wanakiuliza kwanza kabla ya kuniuliza mimi.

Halafu wapo wanaonipongeza: "Wewe huzeeki!" Nazeeka sana. Jua huchakaza kolajeni, ile protini inayoikaza ngozi, kwangu kama kwa mwanamke mrefu, na kwa sisi wembamba mafuta ya usoni yanapopungua mikunjo hujitokeza wazi zaidi, ndiyo maana anayeniita "we binti" kutoka nyuma hubabaika nikigeuka. Mifupa midogo nayo ina akiba ndogo, kwa hiyo udhaifu wa mifupa uzeeni unanihusu mimi kuliko hao wanaonionea wivu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni lugha yenyewe. Kazini, ambako nimesimamia hesabu kwa miaka 12, nimewahi kusikia mgeni akisema, "Kale kasichana kameniambia nisubiri." Wenzangu wote ni watu, ila mimi nimehamishwa ngeli! Huyohuyo aliponiona nimekaa kwenye kiti cha msimamizi aliniomba nimwitie mkubwa wangu, na nilipomweleza kwamba mkubwa ndiye huyu anayemwona, alitabasamu kama mtu anayetaniwa na mtoto.

Keshokutwa tunarudi hospitali ileile kuchukua majibu ya vipimo. Safari hii kitambulisho kitabaki nyumbani, na atakayeuliza mama yuko wapi nitamwacha aendelee kumtafuta.