Tupeane uzoefu: Altezza, Celica, MR2 na Fairlady za zamani, silensa kucheza na moshi mweusi huku Nyanda za Juu

Spana_Kumi (Mbeya)

Wakuu, uzi huu ni wa wenye gari za michezo za zamani wanaozitembeza huku kwetu: Mbeya, Tukuyu, Makambako, Njombe, Iringa. Malalamiko ni yale yale. Silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, injini inamisi (silinda inakosa kuwaka) ikiwa ya baridi, moshi mweusi, mlimani haivuti. Na dawa ya gereji ni ile ile: toa masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosti), ziba EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), tupa kopo la mkaa (linalonasa mvuke wa petroli wa tenki), eti hivyo ni mapambo ya Wajapani. Anayejua aandike kile kinachothibitika kwa kipimo. Simulizi za safari zina uzi wake.

Naanza na hewa, maana wengi wanatibu gari isiyoumwa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni karibu kPa 83. Dar ni 101. Injini isiyo na turbo imeshapoteza zaidi ya moja ya sita ya hewa yake kabla hujafungua boneti. Altezza RS200 iliyoandikwa farasi 210 haitatoa 210 hapa hata ingetoka kiwandani leo.

Sasa shika geji ya vakyumu. Vitabu vingi vinasema isome inchi 18 hadi 21 za zebaki gari ikiwa silensa. Hicho ni kipimo cha pwani. Punguza inchi 1 kwa kila mita 300 ulizopanda, ukifika Mbeya injini nzima inasoma 12 hadi 15. Mshale ukitulia hapo, acha kusaka uvujaji wa hewa ambao haupo. Ukiwa unaruka kwa mpigo, kuna plagi au valvu haifanyi kazi. Ukishuka chini ya hapo na silensa imepanda, hapo ndipo utafute mpira uliopasuka.

Kama gari yako ina sensa ya MAP (inayopima mgandamizo wa hewa inayoingia injini) na una mashine ya kusoma data, weka swichi on bila kuwasha. Mbeya isome kati ya 82 na 84. Ikisoma 101 ukiwa Mwanjelwa hapa Mbeya, sensa inadhani iko Kariakoo, na petroli inamwagwa kwa hesabu za Kariakoo.

Baridi_Kali (Njombe)

Mkuu umeanza vizuri. Mimi naongeza themostati, kwa sababu nusu ya moshi mweusi wa huku unatoka hapo, na hakuna anayeihusisha na vifaa vya moshi.

Gari ikichemsha mara moja, fundi anaitoa themostati na kuitupa. Pwani unaweza usione tofauti. Huku, mwezi Juni na Julai, ambapo Kitulo asubuhi majani yana barafu, injini isiyo na themostati ikiwa barabarani haifiki nyuzi 80. Kompyuta inaendelea kuamini gari bado ya baridi, inazidisha petroli, inashikilia silensa juu. Plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, petroli inaosha oili kwenye silinda, na masega yanapokea uchafu wote huo. Halafu yanalaumiwa masega.

Sensa ya joto la maji ya Toyota nyingi inapimwa kwa mita ya kawaida: kwenye nyuzi 20 isome ohm 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Ikisoma 1,500 injini ikiwa ya moto, umeshapata mgonjwa wako kwa bei ndogo.

Themostati yenyewe ipime kwenye sufuria. Ifunge uzi, iningʼinize katikati ya maji isiguse chini, weka kipimajoto pembeni. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kitabu cha Toyota kitakwambia ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Hapa kuna mtego: kwa mwinuko wa Mbeya maji matupu yanachemka kwenye nyuzi kama 94, Njombe chini ya hapo. Hutaifikisha 95 kwenye sufuria hata ukichochea moto mpaka kesho. Ikifunguka milimita 6 au 7 maji yakitokota, usiitupe. Ukiirudisha, kile kijipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke.

Na mfuniko wa rejeta uwe wenye presha iliyoandikwa kwa gari yako. Maji yetu yanawahi kuchemka, kwa hiyo mfuniko uliolegea unauma zaidi huku kuliko Dar. Hapo ndipo ile "gari inachemsha, toa themostati" inapoanzia.

Ipogolo_Chini (Iringa)

Swali fupi. Masega yakiziba unajuaje bila kukata ekzosti?

Spana_Kumi (Mbeya)

Geji ile ile ya vakyumu. Injini ikiwa ya moto, isome silensa, kisha shikilia mizunguko 2,500 bila kupanda wala kushuka. Ekzosti iliyo wazi, mshale unarudi karibu na ulipokuwa na kukaa. Iliyoziba, mshale unazama polepole jinsi unavyoshikilia, mpaka injini inaanza kukohoa.

Ukitaka namba, toa sensa ya oksijeni ya mbele (inayonusa moshi kwenye ekzosti) na ufunge geji ya presha kwenye tundu lake. Toyota nyingi za miaka ya 90 sensa hiyo imeshikwa na nati 2 kwenye flenji, haikazwi kwa uzi wa skrubu, kwa hiyo tengeneza kibati chenye nipeli. Silensa isizidi psi 1.25, kwenye 2,500 isizidi psi 3. Ikigonga 5, yameziba, hakuna mjadala.

Lakini masega hayafi yenyewe, yanauawa. Koili moja ikigoma, petroli mbichi inakwenda kuwaka ndani ya masega. Kazi yao ya kawaida ni nyuzi 400 hadi 800. Keramiki yao inayeyuka karibu na 1,400, na misi ya kudumu inaweza kuyafikisha huko. Ukibadilisha masega ukaacha koili mbovu, jiandae kuyanunua tena. Na fundi anayekimbilia kuyatoa bila kupima, muulize anayapeleka wapi. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa masega hawaji gereji kunywa chai.

Kihesa_Juu (Iringa)

Wakuu tusiruke sensa ya oksijeni.

Ile ya zirkonia inatoa volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mwembamba hadi 0.9 ukiwa mzito. Injini ya moto, mizunguko 2,500, lazima iruke juu na chini ya 0.45 mara kadhaa ndani ya sekunde 10. Ikilala 0.1 muda wote, usikimbilie kununua. Angalia kwanza kama ekzosti inavuja kabla ya sensa: gasketi ya manifodi, ufa, nati iliyoanguka. Kila mpigo wa moshi unavuta hewa ya nje kupitia kijitundu hicho, sensa inanusa hewa, inaripoti kwamba petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Matokeo ni moshi mweusi unaosababishwa na tundu la ukubwa wa njugu. Utaliona asubuhi injini ikiwa baridi: paka maji ya sabuni kwenye maungio, washa, tazama mapovu kabla bomba halijawa la moto.

Hita yake kwenye sensa ya waya 4 za Toyota husoma ohm 11 hadi 16 ikiwa baridi. Ikisoma mwisho wa mita, imekatika, na kwa baridi yetu sensa itachelewa sana kuanza kazi.

Kinachoua sensa hizi mapema ni silikoni ya kubandikia gasketi, ile isiyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Mvuke wake unapita kwenye PCV (valvu inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa ya injini), unaungua ndani ya silinda, unaacha utando mweupe kwenye ncha ya sensa. Hausafishiki.

Wenye Celica ST202 na MR2 SW20, mashine ya kisasa haisomi gari zenu na wala hamuihitaji. Fungua kile kiboksi cha "diagnosis" kwenye chumba cha injini, unganisha TE1 na E1 kwa kiwaya, swichi on, hesabu taa ya cheki injini. Ikipepesa sawasawa bila kutua, hakuna kosa lililohifadhiwa. Mbili, kituo, moja ni 21: sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji. 31 ni MAP au kipima hewa. 41 ni sensa ya throto (kilango cha hewa). Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI dakika 1 kufuta.

Mafiati_Spea (Mbeya)

Kopo la mkaa. Ukipanda kutoka Dar na tenki limejaa, presha ya nje inashuka kadiri unavyopanda Kitonga na kuendelea, mvuke wa petroli unaongezeka, wote unakimbilia kwenye kopo. Ndiyo maana mfuniko unapiga "fyuuu" ukifungua Makambako. Usijaze tenki baada ya bunduki ya pampu kujikata; petroli ya maji ikiingia kwenye mkaa, kopo limeisha.

Gari inagoma kuwaka ikiwa ya moto baada ya kujaza mafuta? Bana mpira unaotoka kwenye kopo kwenda intake (njia ya hewa ya injini) kwa koleo lenye kitambaa. Ikiwaka vizuri, valvu ya kopo imegoma ikiwa wazi. Badilisha valvu, kopo liache.

PCV: itikise, ilie. Isipolia itupe. Bei yake haizidi chakula cha mchana.

Dampa_Mbili (Tukuyu)

Na sisi wa kabureta tusisahaulike. Fairlady ya S30 yenye kabureta za SU mbili, mwanzo wa kawaida ni nati ya mchanganyiko mizunguko 2.5 kutoka juu kabisa. Huku hiyo ni nzito, kwa kuwa kabureta haijui kwamba hewa imepungua. Rudisha juu robo kwa robo, kabureta zote mbili sawa. Kisha inua pistoni ya moja kama milimita 1 tu: mizunguko ikipanda na kubaki juu, bado ni nzito, ikitaka kuzima, umebana mno, ikipanda kidogo na kurudi, iache hapo. Taiming (wakati wa cheche) unaweza kuongeza digrii 2 hadi 4, kwa sharti usikie injini ikivuta mlima: ikigonga kama kokoto kwenye kopo, rudisha. Ukiteremka nayo Kyela au Dar, rudisha vyote. Kyela iko chini ya mita 600, na mchanganyiko wa Mbeya kule ni mwembamba, unachoma valvu.

Ipogolo_Chini (Iringa)

Na EGR, nizibe au nisizibe?

Spana_Kumi (Mbeya)

Usizibe kabla ya kupima. Tumia pampu ya mkono ya vakyumu, ivute valvu gari ikiwa silensa. Injini ikiyumba au kuzima, njia ni safi na valvu inafunguka. Isipobadilika, masizi yameziba njia, na hapo utasikia kugonga ukiwa na mzigo. Na kama silensa inayumba kabla hujavuta chochote, valvu haikai kwenye kiti chake. Itoe, loweka kwa dawa ya kabureta, sugua kwa mswaki wa zamani, usiguse kiti kwa bisibisi. Rudisha na gasketi mpya ya chuma, kavu. Silikoni iache dukani, Kihesa_Juu ameshaeleza kwa nini.