Siku saba Rwanda mimi na mke wangu, hela ya kawaida: tuende wapi, tuache nini?

MtuWaNyegezi

Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tuko Mwanza, yeye ni mwalimu wa baiolojia sekondari kwa hiyo likizo ya mwezi wa sita ndo nafasi yetu ya mwaka, na safari hii tumekubaliana ile hela tuliyokuwa tunaweka ya makochi twende nayo Rwanda. Tuna siku saba kamili ukiondoa ya kwenda na ya kurudi. Yeye tangu nimemjua anaongelea gorila wa milimani, hiyo ni ndoto yake toka shule, mimi napenda milima na kutembea kwa miguu, Hanang nimeshafika juu mara mbili.

Sasa nimeangalia ramani nikaona nchi yenyewe ndogo, kilomita za mraba elfu 26 na kitu, mkoa wa Tabora peke yake unaizidi karibu mara tatu. Nikapanga hivi: hifadhi ya Akagera siku moja, Kigali siku moja, gorila siku moja, volkano siku moja, ziwa Kivu siku moja, msitu wa Nyungwe siku moja, halafu tunageuza. Kwa mabasi hii inawezekana? Na kibali cha gorila ni kweli dola 1500 kwa mtu au watu wanatia chumvi? Jingine, mama mkwe ana wasiwasi na hali ya Congo pale jirani. Naombeni mnisaidie, hii hela tumeipata kwa jasho.

NipoKigali

Karibuni sana mkuu. Niko hapa mwaka wa sita, nitakujibu kwa ninavyoishi.

Kwanza hiyo ratiba iache, itawaua. Nchi ni ndogo kwenye ramani ila barabara haijanyooka hata kidogo, ni kona na milima mwanzo mwisho, na mabasi yamefungwa spidi 60, hakuna dereva wa kukimbiza. Kigali kwenda Musanze, mji ulio karibu na gorila na volkano, ni kama masaa mawili na nusu, Kigali kwenda Nyungwe andika matano mpaka sita. Mtu akifuata ratiba yako siku zote saba atakuwa anaangalia mgongo wa siti ya mbele. Chagueni sehemu tatu mkae.

Kibali ni kweli dola 1500 kwa mgeni wa mbali, kilipandishwa 2017 kutoka 750. Ila wewe ni mwana Afrika Mashariki, kuna bei yenu ya punguzo, ilitangazwa dola 200, thibitisha kwenye mfumo wa RDB (bodi ya maendeleo ya Rwanda, ndo wanaouza vibali) kabla hujapanga kitu kingine maana bei hizi hutangazwa kwa vipindi. Na nunua huko huko kwenye mfumo kwa jina lako mwenyewe. Mwaka juzi nilimpa wakala mmoja hela ya wageni wangu, akatuletea kibali cha tarehe ya juzi yake, wageni walikuwa wameshatua Kigali, shangazi yangu akarudi Dodoma bila kuona gorila. Bado inaniuma mpaka leo.

Kuja: daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025 kwa hiyo hamsubiri tena kivuko, mnapita Geita, Biharamulo, Nyakahura, Benako mpaka Rusumo. Sisi Watanzania tunahitaji pasipoti, kitambulisho cha taifa kinapita kwa Wakenya na Waganda. Bebeni na kadi ya homa ya manjano. Pale mpakani shukeni muangalie maporomoko ya mto Kagera, yako chini ya daraja kabisa. Mkivuka magari yanahamia kulia, na saa inarudi nyuma lisaa limoja, ukiona saa moja asubuhi kwenye simu ya mtu wa Kigali kwenu Mwanza ni saa mbili. Wengi wanakosa basi kwa hilo wakati wa kurudi. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, imepigwa marufuku toka 2008 na wanakagua kweli.

Congo: Rubavu, mji wa kwenye ziwa Kivu, imegusana na Goma ya Congo, mtaa na mtaa, kwa hiyo huko sikilizeni habari za wiki hiyo kabla hamjakata tiketi. Musanze, Karongi (nayo iko ziwa Kivu) na Nyungwe watu wanatembelea kama kawaida, mwambie mama mkwe hivyo.

DadaWaMarangu

Mimi nitaongelea volkano tu kwa sababu hapo ndo moyo wangu ulipo. Kaka panda Bisoke. Ina mita 3,711, inapandwa na kushukwa siku moja, na juu kuna ziwa ndani ya kreta. Karisimbi ndo kubwa kuliko zote pale, 4,507, ila ni siku mbili na unalala kwenye baridi, kwa siku zenu saba itakula muda.

Mnakutana Kinigi, kwenye makao ya hifadhi ya volkano, saa moja asubuhi, kwa hiyo usiku wa kabla laleni Musanze au Kinigi kwenyewe. Unaanza kwenye mashamba ya viazi na pareto, watu wanalima mpaka kwenye ukuta wa mawe, ukiruka ukuta tu uko msituni, ghafla kabisa, mianzi kisha miti ya hagenia yenye ndevu za kuvumwani. Njia nzima ni tope. Sisemi tope la kuchafua kiatu, nasema unakanyaga mguu unazama mpaka nusu ya goti halafu ukivuta kiatu kinabaki na unasikia kabisa "pwaa", unasimama na soksi moja umeshika bega la mtu usiyemjua. Chukueni mpagazi hata kama mna nguvu. Wangu alikuwa kijana wa kijiji cha pale chini, alinishika mkono sehemu ambazo peke yangu nisingepita, na hiyo hela ndo inayowafanya wanakijiji waone faida ya msitu. Vaeni na glavu za kazi, zile za bustani, kuna majani yanawasha vibaya na ukiteleza unashika chochote kilichopo.

Tulivyofika juu ilikuwa ukungu mtupu. Tumekaa tunakula mayai na chapati, watu wamenuna, kama dakika ishirini hivi. Halafu ukafunguka wenyewe kutoka upande wa Congo, ziwa likatokea chini yetu rangi ya kijani nzito, limetulia, pembeni mimea mirefu ya lobelia imesimama kama watu wamekuja mazikoni. Mpaka wa nchi unapita juu hapo hapo. Haikuchukua hata dakika tano ukafunga tena. Nililia na sioni aibu kusema.

Halafu mwambie shemeji: Karisoke, kituo cha utafiti alichoanzisha Dian Fossey, yule mtafiti wa gorila, 1967, jina lake limetokana na Karisimbi na Bisoke, kilikuwa katikati ya hiyo milima miwili, na kaburi lake liko huko huko. Na hata gorila akikosekana, pale Kinigi kuna kituo cha Dian Fossey Gorilla Fund kilichofunguliwa 2022 chenye maonyesho mazuri sana kwa mtu wa baiolojia, asikose.

Baiskeli_Kisumu

Mambo. Mimi ni wa Kisumu, nilivuka na ID yangu tu kupitia Uganda. Msiache Kivu tafadhali. Kuna njia inaitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, yote inafuata ziwa, unaweza kuitembea siku kumi ama kwa baiskeli siku tano hivi. Hamna muda wa kuimaliza lakini si lazima, fikeni Karongi halafu mtembee kipande tu, ya siku moja inatosha kuonja, mnapita kwa mashamba ya kahawa na watoto wanakimbia na nyinyi mpaka mwisho wa kijiji wakiwafunza kuhesabu Kinyarwanda.

Na jioni msilale mapema. Wavuvi wanatoka kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, iko na fito ndefu mbele na nyuma kama ndevu za kamba yule wa baharini, wanaenda na taa kutafuta sambaza, samaki wadogo wa pale, na wanaimba wakipiga kasia. Mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, na juu ya maji ile sauti inafika mbali sana. Mimi natoka kwa jamii ya wavuvi, baba yangu alivua omena maisha yake yote, na nilikaa pale kwa mwamba nikisikiza mpaka taa zikawa ndogo kama nyota. Asubuhi nilikula hizo sambaza zimekaangwa, na matone ya akabanga juu. Matone mawili pekee, hiyo pilipili haina huruma. Kingine kizuri Kivu haina mamba wala kiboko, hiyo sisi wa Victoria tunaijua thamani yake.

MzeeWaKaragwe

Vijana mmemshauri vizuri ila naona Akagera mmeiruka wote. Najua mtasema Mtanzania anafuata nini simba Rwanda wakati Serengeti iko pale. Mimi nimekaa upande wa pili wa mto Kagera, nasema tofauti. Baada ya 1994 wakimbizi walirudi na ng'ombe wao, sehemu kubwa ya hifadhi ikakatwa wapate pa kuishi, simba wakawekewa sumu mpaka wakaisha wote. Mwaka 2015 wakaletwa saba kutoka Afrika Kusini, 2017 wakaletwa faru weusi 18. Leo wapo na wanazaa. Mtu anayefundisha watoto baiolojia akienda kuona hiyo, akapanda boti ziwa Ihema, atarudi na somo la kueleza mwaka mzima. Na iko njiani, mkitoka Rusumo mnashukia Kabarondo hamjafika hata Kigali.

NipoKigali

Mzee wangu shikamoo, hapo umenibadilisha kidogo. Tatizo ni gari tu, Akagera huingii na basi wala boda, lazima ukodi, na kwa watu wawili ni hela. Wakipata wenzao wa kugawana nao sawa. Hata siku ya gorila hivyo hivyo, kutoka Kinigi mpaka mnapoanzia kutembea mnahitaji gari, watu hawaambiwi hili mapema, tafuteni mtu wa kuchangia naye jioni ya kabla hapo hosteli.

MtuWaNyegezi

Asanteni wote na wakubwa shikamooni. Nimemsomea mke wangu kila kitu, kwenye ziwa la Bisoke alinyamaza kabisa. Tumekubaliana hivi: Kigali usiku mmoja, na asubuhi tupite kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi maana tumeona si vizuri kwenda nchi ya watu tukaangalia wanyama tu. Musanze usiku tatu, gorila na Bisoke. Karongi usiku tatu. Akagera na Nyungwe tunaziwekea safari nyingine, ila mzee nimeyaandika ya Akagera kwenye daftari lake la somo. Swali la mwisho, gorila kwanza au mlima kwanza?

DadaWaMarangu

Gorila kwanza, mlima kesho yake au kesho kutwa. Ukitoka Bisoke magoti yanatetemeka siku mbili, na gorila unaweza kutembea lisaa limoja au manne kutegemea familia mliyopangiwa imelala wapi. Mkiwafikia mnapewa saa moja tu, kundi lenu halizidi watu wanane. Na angalieni sana msipate mafua wiki hiyo, mtu anayekohoa haruhusiwi kuwakaribia, yanaweza kuwaua wale. Shemeji aanze kukaa mbali na wanafunzi wenye mafua kuanzia mwisho wa mwezi wa tano.

Baiskeli_Kisumu

Na mcheki tarehe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, asubuhi nchi yote iko nje inafagia na kuchimba mitaro, maduka yamefungwa, barabara tupu. Ikiwapata Karongi ombeni jembe muingie, mimi walinipa.