Uliwahi kudakwa kwa "uzururaji"? Tupeane uzoefu

Fundi Kapeti: Jana usiku nimepishana na defenda Buguruni, imejaa vijana, mmoja kakumbatia mfuko wa mkate. Nimekumbuka mbali. Nani yalimkuta?

Mkaanga Chipsi: Manzese, 2017. Nimefunga banda saa sita usiku, ndoo ya mafuta mkononi, aproni kifuani. "Unatoka wapi?" Kazini, afande. "Kazi gani saa hizi?" Nikamwinulia ndoo ainuse. Wakacheka, wakanipandisha na ndoo yangu. Kaunta nikavuliwa mkanda na viatu, nikaandikwa mzururaji. Selo tulijaa hadi kulala ni kwa zamu, na zamu yangu iliangukia kando ya debe la haja. Ukutani pameandikwa DHAMANA NI BURE. Asubuhi mama akaja, bure ile ikamtoka elfu thelathini. Mafuta sikuyaona tena.

Dada wa Gongo la Mboto: Hiyo bure naijua 😂

Kamanda Mtaa: Saa sita usiku unategemea upewe maua? Haohao ndio wanatupora simu.

Mkaanga Chipsi: Na wewe chipsi za usiku unanunuaga kwa nani?

Wakili wa Kijiweni: Ni kifungu cha 176 na 177, Kanuni ya Adhabu. Mbegu yake ni sheria ya Uingereza ya 1824. Mahakama ya Afrika, hiihii ya Arusha, Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Fundi Kapeti: Msomi, msomee afande wa doria hayo maoni. Utapanda wa kwanza.

Babu Gerezani: Nyie mnalilia usiku mmoja. Mwaka 1983, Nguvu Kazi, ule msako wa wasio na kazi mjini, nimetumwa mafuta ya taa. Sina kitambulisho cha kazi. Lori moja kwa moja hadi shamba la mkonge. Mke wangu kapata habari wiki ya pili, na kwao walishaanza kuulizana kama nimeoa kwingine.

Dada wa Gongo la Mboto: Babu usiishie hapo! Ulitorokaje?

Babu Gerezani: Nani kasema nilitoroka?

Kamanda Mtaa: Tembea na NIDA tu, yaishe.

Mkaanga Chipsi: Nilikuwa nayo. Wakasema haionyeshi kazi.

Fundi Kapeti: Chomekea shati.

Dada wa Gongo la Mboto: Usichomekee, watajua una hela.