Ushauri wakuu: simulizi ya mnyongaji wa Kiingereza, nianzie wapi?

Msimulizi Chipukizi: Wakuu habari za jioni. Nina kachaneli kangu ka simulizi za kweli, sasa naandaa ya Albert Pierrepoint, yule mnyongaji wa Uingereza aliyepiga kazi toka 1932 mpaka 1956, wanakadiria watu zaidi ya 400 wamepita mikononi mwake. Baba yake mnyongaji, baba yake mkubwa mnyongaji, yaani kazi ya ukoo. Shida nimeandika nusu wife akasikiliza akasema "huyu mbona unamsifia kama staa wa mpira". Kumponda tu nako naona ni uvivu. Nianzie wapi?

Fundi Kamba: Anza na kazi yenyewe mkuu. Jioni ya kabla anamchungulia mfungwa kwenye kitundu cha mlango, uzito ameshapewa, anapiga hesabu, mzito kamba fupi mwepesi kamba ndefu, halafu wanaangusha gunia la mchanga na kuliacha linining'inie usiku kucha ili kamba ivutike kabisa. Asubuhi kabati la nguo mle selo linasukumwa pembeni, kumbe nyuma yake kuna mlango, jukwaa lipo chumba cha pili tu! Mfungwa James Inglis mwaka 1951 inasemekana toka atolewe selo mpaka anaanguka na kamba zilitumika sekunde 7. Simulia kikavu hivyohivyo, muziki wa huzuni weka mbali.

Mama Tunu: Mwanangu mimi ningeanzia baa. Mshahara hakuwa nao, alilipwa kwa kichwa, kwa hiyo maisha yake ya kila siku yalikuwa kuuza bia Hollinwood karibu na Oldham. Kuna mteja wake James Corbitt walikuwa wakiimba pamoja na kuitana Tish na Tosh, jamaa akaenda kumuua mpenzi wake, Novemba 1950 aliyeingia selo na mkanda wa kumfunga mikono ni nani? Tosh huyohuyo, yaani Pierrepoint. Wakasalimiana kwa majina yao ya baa.

Wakili Uchwara: Mnampamba tu. Timothy Evans mnamuacha wapi? Alinyongwa na Pierrepoint Machi 1950 kwa kesi ya kumuua mtoto wake, shahidi mkubwa wa mashtaka akiwa jirani yake wa nyumba hiyohiyo John Christie, 1953 ikabumbuluka Christie ndo muuaji wa wanawake kibao, naye akanyongwa na Pierrepoint huyohuyo. Evans akasamehewa 1966, msamaha wa kaburini huo.

Msimulizi Chipukizi: Duh. Ila si aliacha kazi kwa sababu dhamira ilimsuta?

Fundi Kamba: Wapi, pesa! Januari 1956 kasafiri mpaka Manchester kwenye baridi kali, mfungwa akapata msamaha dakika za mwisho, yeye akadai pauni 15 zake kamili, sherifu akatoa 1, baadaye wakapandisha 4. Akaandika barua ya kujiuzulu.

Mama Tunu: Na 1974 kwenye kitabu chake akasema kunyonga hakujawahi kumzuia mtu kuua, ni kisasi tu. Maana Corbitt alikuwa anakunywa mbele ya mnyongaji mwenyewe na bado akaua.

Wakili Uchwara: Kasema akiwa ameshastaafu na kitabu kinauzwa.

Msimulizi Chipukizi: Basi naanzia baa, Evans anakaa katikati, pauni 15 na maneno ya kitabu naviweka vikifuatana, msikilizaji ahukumu.

Mama Tunu: Sawa baba. Ila kava usiweke picha ya Ruth Ellis, yule mwanamke wa mwisho kunyongwa Uingereza, kisa kutafuta watazamaji, hatujaanza hata kumzungumzia.