Naomba ushauri: kuhama Hibernate 5.6 kwenda 6, sikwensi zinagoma

Habari zenu wakuu. Tunapandisha mradi wa Java unaotumia Hibernate (maktaba inayounganisha programu na databesi) na databesi ya PostgreSQL. Kubadili javax.persistence kuwa jakarta.persistence kumeisha, hapo hakuna shida. Kikwazo ni ID za rekodi, zinazotolewa na sikwensi (kihesabu cha ndani ya databesi).

Entiti zetu zote (klasi zinazowakilisha majedwali) zina GenerationType.AUTO tupu (Hibernate ijichagulie njia ya kutoa ID), na zamani zilichota hibernate_sequence moja inayopanda kwa 1. Toleo la 6 linatafuta sikwensi ya kila entiti, kwa hiyo likatupa "relation mteja_seq does not exist". Nikaweka:

hibernate.id.db_structure_naming_strategy=legacy

Jina likarudi, ila sasa programu haiwaki kabisa: inalalamika kuwa hatua ya kupanda kwa sikwensi, entiti inasema 50 na databesi inasema 1. Nimejaribu increment_size_mismatch_strategy=fix, ikawaka, inafuata 1 ya databesi. Kuweka none (tofauti ipuuzwe) sithubutu: kwa kudhani hatua ni 50, programu ingejigawia namba 49 zilizo chini ya ile iliyopewa, na nyingi tayari zimo kwenye majedwali. Duplicate key (ID kujirudia) hiyo!

Shida ni siku ya kutoa toleo. Seva 2 zinapandishwa moja moja, hivyo kwa muda 5.6 na 6 zitachota sikwensi ileile.

1. Nitoe kwanza na fix, halafu ALTER SEQUENCE hibernate_sequence INCREMENT BY 50 ije toleo linalofuata, au vyote pamoja?
2. Nikishaibadili kuwa 50, nikilazimika kurudi 5.6, kuna hatari nyingine zaidi ya ID kuruka hamsini hamsini?

Aliyewahi kupita hapa anisaidie. Asanteni.