Tupeane uzoefu: besi gitaa lililotumika, bei yake unaijuaje?

Mpigabesi wa Uyole
Wakuu habari za jioni, huku Uyole baridi inauma hatari. Nina besi yangu Yamaha RBX170, nyeusi, nyuzi nne, nimeipiga kanisani miaka sita na sasa nataka niiachie niongezee hela nichukue ya nyuzi tano. Wiki hii peke yake nimepewa bei tatu. Jamaa wa Mwanjelwa kaiangalia kwa macho tu, laki na nusu. Kiongozi wa kwaya moja ya Igawilo, laki nne, na hata kwenye spika hajaichomeka. Halafu kaja dogo mmoja, kaishika kama dakika kumi na tano hasemi kitu, anachungulia chungulia tu, mwisho akasema mbili na themanini akanitajia na magonjwa ambayo mimi mwenye mali nilikuwa siyajui. Sasa huyu alikuwa anaangalia nini? Mliowahi kununua au kuuza leteni uzoefu, hasa mliolizwa.

Wa Mafinga
Mimi nililizwa, tena mchana kweupe. Nilienda Tunduma nikaonyeshwa besi kichwani imeandikwa Fender, muuzaji anaapa ni ya Marekani, nikatoa laki nane na nusu nikapanda basi nacheka peke yangu. Nimefika nyumbani naifuta vumbi na kitambaa chenye maji kidogo, ile herufi ya mwisho ikanyanyuka pembeni kama stika ya kwenye daftari. Nikaingiza ukucha, ikatoka yote. Chini yake mbao tupu.
Hizi Fender za miaka yetu huwa zimeandikwa zinakotoka, kuna za Corona kule California na kuna za Ensenada Mexico, na namba ya usajili ipo. Yangu haikuwa na nchi wala namba. Na umbo lisikudanganye, Precision Bass ya hao Fender ilitoka 1951, toka hapo kila kiwanda kimelikopi.
Ila kinachonichekesha mpaka leo, ile besi ilikuwa nzuri! Shingo imenyooka, inashika chuni. Nimeipiga miaka miwili, nikaja kuiuza laki tatu na nusu, nikamwambia mnunuzi ukweli kwamba haina jina, akaipiga, akalipa. Ile laki tano iliyobaki niliilipia stika.

Dogo mwenyewe
Mkuu wa Uyole shikamoo, dogo ndo mimi 😂 Ngoja niseme nilichokuwa nachungulia.
Cha kwanza shingo, kabla hata ya sauti. Unabana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), mkono mwingine unabana freti ya mwisho, hapo uzi unakuwa rula. Unachungulia katikati, kwenye freti ya saba hivi. Ule uwazi kati ya uzi na freti uwe kama unene wa vocha ya kukwangua. Kwako njiti ya kiberiti ilipita bila kugusa, maana yake shingo imevutwa na nyuzi ndo maana unabonyeza mpaka vidole vinauma. Lakini nikaangalia nati ya kile chuma kinachopita ndani ya shingo, bado ina kona zake, haijalika. Ingekuwa imelika nisingefika hata laki mbili, maana shingo iliyopinda inanyooshwa kwa hicho chuma, nati ikifa unabaki na pambo la ukutani. Na kama imejisokota upande mmoja, usininyooshee mkono kabisa.
Cha pili freti. Zako zimechimbika freti ya tatu na ya tano kwenye uzi mnene, ndo noti za G na A, kwingine kote mpya. Nikajua mpiga kinanda wenu kila wimbo anaanzisha G, akichoka anahamia A.
Cha tatu jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ukiitingisha inakoroma, na volyumu inakwaruza. Hiyo lehemu na dawa ya kusafishia tu, nikakata elfu kumi na tano. Nyuzi nazo zimekufa, seti ya mwisho nilinunua elfu sitini na tano Kariakoo. Ile mikwaruzo ya rangi mgongoni sikuihesabu, mkanda na vifungo vya koti havinibadilishii sauti.

Mama wa Kwaya, Njombe
Marahaba wanangu, na mimi nichangie japo siyo mpigaji, nashika hela za kwaya tu. Tulinunua besi Dar mwezi wa tatu, laini kabisa. Imefika huku, kiangazi kimeingia na ile baridi kavu, mwezi wa saba kijana anapiga huku anafyonza kidole. Kumbe mbao imenywea, ncha za vyuma zimetokeza pembeni ya shingo, ukipitisha kiganja zinakwaruza kama msumeno. Fundi akazipiga tupa mchana mmoja ikaisha. Siku hizi nikitumwa kununua napitisha kiganja kwanza, muuzaji ananishangaa mama mzima napapasa gitaa. Na zile zinazotumia betri ya volti 9 fungueni kile kijumba chake, tuliwahi kukuta betri imevujia humo, waya umeota ukijani wote.

Wa Kihesa, Iringa
Mnaongea shingo sijui freti, mimi nawaambia bei ni kalenda. Besi ileile Januari mtu ana ada ya watoto anakuachia kwa laki mbili, ingojee Novemba kwaya zinajiandaa na Krismasi uone kama hatasema nne. Yule wa Igawilo asingekutajia laki nne mwezi wa pili.

Mpigabesi wa Uyole
Nimefanya lile jaribio la vocha usiku huu na tochi ya simu. Njiti imepita kweli. Yaani miaka sita nilidhani vidole vyangu ndo dhaifu! Na mpiga kinanda nimemsomea ile ya G, kanuna.
Yule wa Igawilo nimempigia nikamwambia kasoro zote, nisije nikakutana naye kwenye uimbaji ananikwepa. Kasema bado anaitaka ila sasa anasema tatu, na hela mpaka kikao kikae.
Dogo, njoo Jumamosi baada ya mazoezi. Mbili na tisini, mkanda nakupa.

Dogo mwenyewe
Na kava?

Mpigabesi wa Uyole
Kava naibakiza, nyuzi tano nayo itavaa nini.