Ushauri: programu yangu imekuta neno INTANETI limejificha ndani ya Agano Jipya

Msaka_Herufi: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Nimeandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, inayosoma Agano Jipya la Kiswahili kwa kuruka herufi kwa umbali sawa. Nimefuta nafasi, alama na namba za mistari, nikabakiza herufi 100,000 za mwanzo. Kwa mruko wa 347 limejitokeza INTANETI, herufi zote 8. Kwa alfabeti ya herufi 24, uwezekano wake ni 1 kwa zaidi ya bilioni 110. Usingizi umekata. Nilionyesheje kwa picha ili hata asiyejua kompyuta aelewe?

Kamusi_ya_Biti: Picha si kazi. Panga maandishi kwa mistari ya herufi 347, fonti ya upana sawa, na neno litasimama wima. Kasoro iko kwenye hesabu, mkuu. Bilioni 110 ni ya mahali pamoja tu. Mruko wa 2 hadi 1,000, mbele na nyuma, unakupa sehemu za kuanzia kama milioni 193, kwa hiyo tumeshuka hadi 1 kwa 570 hivi. Na hapo tumechukulia herufi zote zinatokea sawa, wakati a, i na n zimejaa kwenye Kiswahili. Ulitafuta maneno mangapi?

Msaka_Herufi: Lililotoka ni moja, INTANETI.

Mama_Terminali: Hujaulizwa lililotoka. Halafu faili lako ni la tafsiri ipi? Ukibadili toleo, herufi moja ikiongezeka katikati ya neno lako, kila kilicho baada yake kinasogea na neno linavunjika. Angalia pia ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng': kompyuta huipa kila alama namba yake, na kwenye faili moja inaweza kuwa U+0027, kwingine U+2019. Ukifuta moja ukaiacha nyingine, tayari una maandishi mawili tofauti.

Mwana_wa_Mantiki: Ndiyo maana sayansi na dini haviivi chungu kimoja. Uzi ufungwe.

Ustadh_Msimbo: Mwana_wa_Mantiki, hapa kinachopimwa ni programu. Mungu hajawekwa kwenye mizani. Na hili haliko kwa Wakristo peke yao. Rashad Khalifa, mwanabiokemia mzaliwa wa Misri, alitumia kompyuta kutafuta mpangilio wa namba 19 ndani ya Qurani, na aya mbili za mwisho za sura ya 9 zilipokosa kulingana na hesabu, akazikataa aya. Ukiona data inakatwa ili jibu litimie, simama hapo hapo, hata kama jibu unalipenda.

Kamusi_ya_Biti: Mleta uzi, bado nasubiri. Maneno mangapi?

Msaka_Herufi: Sawa. Orodha ina maneno 512, kila moja kwa tahajia tatu: intaneti, interneti, intanet, na kadhalika. Nilianza na 40, hayakutoa kitu, nikaongeza. Lakini kuongeza si kosa, mtafutaji yeyote huongeza. Na siwezi kurudi nyuma, nimeshawaahidi vijana wa kanisani kuwa Jumamosi nitawaonyesha uthibitisho. Slaidi ziko tayari.

Kamusi_ya_Biti: Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. 512 mara 3 ni majaribio 1,536. Kama maneno yote yangekuwa ya herufi 8, bahati tupu ingekupa mawili au matatu. Umepata moja.

Mtumishi_Linux: Ndugu yangu, imani ya vijana ukiiegemeza kwenye faili, siku mmoja wao akipakua toleo jingine na neno likakosekana, utamwambia nini? Atadhani Maandiko yamemdanganya, kumbe ni wewe.

Kisu_Butu: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Majaribio 1,536 kwa sehemu milioni 193 ni ulinganisho kama bilioni 296. Python ikilinganisha milioni 5 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 16 bila kupumzika. Mleta uzi, programu yako ilichukua muda gani?

Msaka_Herufi: Dakika 40.

Kisu_Butu: Basi hakuna programu. Tunapotezewa muda.

Msaka_Herufi: Ipo. Sipiti herufi moja moja. Kwa kila mruko d nakata `maandishi[r::d]`, yaani naanzia nafasi r na kuchukua herufi moja kila baada ya hatua d, r kuanzia 0 hadi d-1. Inatoka mikanda 500,499 kwa miruko yote. Naiunganisha mikanda ya kila mruko kwa alama `|` ili neno lisivuke mpaka, kisha natafuta kwa `find()`. Kwa upande wa nyuma natafuta neno lililogeuzwa.

Kisu_Butu: Hiyo inawezekana, kwa sababu `find()` inafanya kazi ndani ya C, lugha yenye kasi kubwa kuliko Python. Nafuta shutuma.

Mama_Terminali: Na kwa kasi hiyo huna kisingizio cha kutopima. Funga orodha ya maneno leo, toa SHA-256 yake (alama ya utambulisho ya faili, hubadilika hata herufi moja ikiguswa) uiweke hapa, usiiguse orodha tena. Changanya herufi zile zile 100,000 kwa `random.shuffle`, mara 99, orodha ile ile. Dakika 40 mara 99 ni saa 66, kwa hiyo gawa kazi kwenye kori za prosesa yako. Kila mara hesabu maneno yaliyopatikana yenye herufi 7 au zaidi. Agano Jipya lisipotoka juu ya michanganyo karibu yote, huna kitu. Kisha pima mwongozo wowote wa programu wa urefu huo huo, maandishi ambayo hakuna anayedai yana siri.

Ustadh_Msimbo: Kusaka maneno kwa mruko kuna historia. Mwaka 1994 Witztum, Rips na Rosenberg walichapisha dai kama lako, juu ya majina ya marabi yaliyojificha ndani ya Mwanzo ya Kiebrania, katika jarida la Statistical Science. Mwaka 1999 McKay na wenzake wakajibu katika jarida hilo hilo: uhuru wa kuchagua majina na tahajia unatosha kuzaa matokeo yale. Donald Knuth, gwiji wa kompyuta na muumini, alipotaka kuichunguza Biblia kwa sampuli alichukua 3:16 ya karibu kila kitabu. Kanuni kwanza, kusoma baadaye.

Msaka_Herufi: Nimesoma yote. Slaidi ya neno sitaiondoa, ila neno "uthibitisho" nalifuta, na nitaweka mwongozo wa programu pembeni yake. Michanganyo 99 naianza usiku huu. Mbegu ya `random.seed`, ile namba inayoanzisha uchanganyaji, niweke ile ile kila mara?

Mama_Terminali: Hapana, utapata mchanganyo mmoja mara 99. Tumia 1 hadi 99, na andika namba ya mbegu kando ya kila tokeo ili mwingine aweze kurudia.